Nge Aliyejeruhiwa: Jinsi ya Kumsaidia Bila Kuhatarisha Mkono Wako

Mvua za masika zinapokaribia, kazi huwa nyingi katika kaunti yetu ya Kilifi. Mashamba yanatayarishwa Ganze na Magarini, makuti yaliyooza yanashushwa Rabai na Kaloleni, na marundo ya mawe na kuni yaliyolala tangu kiangazi yanahamishwa. Huo ndio wakati nge, ambaye wengine humwita kisusuli, anapotolewa mafichoni. Mara nyingi hatoki akiwa mzima. Jembe limemkata mguu, jiwe limembana mkia, au amekutwa ndani ya ndoo ya maji akiwa amelegea.

Kwa miaka mingi jibu letu limekuwa moja tu: kandambili. Lakini watoto wanaofunzwa shuleni kutunza mazingira huuliza swali ambalo wazazi wengi hawakujiandaa kulijibu: “Ameumia, tumsaidie vipi?” Huruma hiyo ni njema na haifai kukejeliwa. Hata hivyo, mtoto anayenyoosha mkono kumwokota nge aliyejeruhiwa anaweza kujikuta yeye ndiye anayehitaji kuokolewa. Nge mwenye maumivu hajui kwamba umekuja kwa heri.

Somo hili limeandaliwa kwa ajili ya wazazi, walimu wa vilabu vya mazingira na vijana. Jambo kuu la kukumbuka ni hili: kumwokoa nge si kumtibu. Ni kumwondoa penye hatari, kumpa kivuli na unyevu, kisha kumwachia mwili wake kazi iliyobaki. Anayejaribu kufanya zaidi ya hapo huwa anamwumiza nge na kujiweka hatarini yeye mwenyewe.

Baada ya kulisoma somo hili, utaweza:

• kutofautisha nge aliyeumia na yule anayeonekana tu kama ameumia;
• kujua majeraha anayoweza kuishi nayo na yale asiyoweza kupona;
• kumhamisha nge bila kumgusa;
• kumpa huduma ya kwanza mtu aliyeumwa na nge.

1. Mwili wa nge na jinsi unavyoumia

Tumezoea kumwita nge mdudu, lakini kisayansi yuko katika kundi moja na buibui na kupe. Ana miguu 8, magando 2 mbele kama ya kaa, na mkia wenye pingili 5 unaoishia kwenye kifuko cha sumu chenye mwiba. Duniani kuna zaidi ya aina 2,500 za nge. Wote wana sumu, lakini ni aina chache tu ambazo sumu yake inaweza kumuua mtu.

Nge hana mifupa ndani ya mwili. Kinachomshikilia ni gamba gumu la nje. Gamba hilo humkinga, na pia huzuia maji ya mwili yasikauke, ndiyo maana anaweza kuishi sehemu kame. Gamba likipasuka, nge hupata madhara mawili kwa pamoja: damu inavuja na maji ya mwili yanapotea.

Damu yake si nyekundu kama yetu. Yetu hubeba hewa kwa kutumia madini ya chuma, yake hutumia shaba, kwa hiyo inapokutana na hewa huonekana kuwa na rangi ya samawati iliyofifia. Ukiona majimaji ya namna hiyo kwenye kidonda chake, usidhani ni sumu inayotoka. Ni damu.

Nge hupumua kwa mapafu yaliyopangika kama kurasa za kitabu. Yako jozi 4, upande wa chini wa tumbo, na kila moja lina tundu dogo la kuingizia hewa. Ndiyo maana kumpaka nge mafuta au kumfunika kwa dawa ya majimaji ni sawa na kumziba pua.

Jambo la mwisho ni mkia. Watu wengi hawajui kwamba utumbo wa nge hupita ndani ya mkia, na tundu la haja liko mwishoni mwa pingili ya 5, karibu kabisa na kifuko cha sumu. Huko Amerika Kusini kuna nge wa jenasi ya Ananteris ambao huukata mkia wao wenyewe wanaposhikwa na adui, kama afanyavyo mjusi. Wanasayansi waliowachunguza walieleza mwaka 2015 kwamba mkia huo hauoti tena. Nge hubaki bila njia ya kutoa choo, na tumbo hujaa taratibu. Hata hivyo, baadhi yao waliishi hadi miezi 8 wakiwa katika hali hiyo. Hili linatufunza kwamba nge ni mvumilivu kuliko anavyoonekana, lakini pia kwamba kiungo cha mkia kikishapotea hakirudi.

2. Je, ameumia kweli?

Kabla ya kufanya lolote, simama umbali wa hatua 2 na umtazame kwa dakika 5. Nge wengi wanaodhaniwa kuwa wagonjwa ni wazima kabisa. Ziko hali 4 zinazowadanganya watu.

Anajivua gamba. Kwa kuwa gamba halipanuki, nge anayekua lazima alivue na kutoka na jipya. Hufanya hivyo mara kadhaa kabla ya kukomaa. Wakati huo hulala bila kusogea kwa saa nyingi, kisha hutokea mbele ya gamba kuukuu akiwa mweupe, laini na dhaifu. Pembeni yake utaona kitu kama maiti ya nge mwingine. Hiyo si maiti, ni vazi lake la zamani. Ukimsukuma wakati huo, miguu yake inaweza kukauka ikiwa imepinda au akafa. Mfunike tena kwa jiwe au kigae, uondoke.

Ana watoto mgongoni. Nge hatagi mayai, huzaa watoto hai. Watoto hao weupe hupanda mgongoni kwa mama na kukaa hapo hadi watakapojivua gamba mara ya kwanza, ambayo huwa ni siku kadhaa au wiki chache. Anayemwona kwa mara ya kwanza hudhani mgongo umeoza au umeingiliwa na funza. Wako pia wanaoamini kwamba watoto hao humla mama yao hadi afe. Si kweli. Katika kipindi hicho watoto huishi kwa akiba waliyozaliwa nayo mwilini.

Amepumzika. Nge ni mnyama wa usiku. Mchana hulala kimya, na kama hali ya hewa ni ya baridi husogea polepole sana. Anaweza pia kukaa miezi mingi bila kula. Kutosogea kwake si dalili ya njaa wala ya ugonjwa.

Amelowa. Nge aliyetumbukia majini anaweza kuonekana amekufa, kisha akazinduka baada ya kukaa mahali pakavu. Usimtupe mkononi mwa mtoto aende kumzika. Mweke kivulini na umwache saa kadhaa.

Kuna njia moja ya kumchunguza usiku bila kumkaribia. Zile taa ndogo zinazotumiwa madukani kukagua noti bandia hutoa miale ya urujuanimno, na miale hiyo ikimpiga nge, mwili wake wote hung’aa rangi ya kijani iliyochanganyika na samawati. Nge aliyejivua gamba muda mfupi uliopita hang’ai mpaka gamba jipya likaze. Lakini kumbuka kwamba hata nge aliyekufa huendelea kung’aa, kwa hiyo mng’ao si ushahidi kwamba yu hai. Usiielekeze taa hiyo machoni mwa mtu.

3. Majeraha yanayovumilika na yasiyopona

Mguu mmoja au miwili imekatika. Hili ni jeraha ambalo nge wengi huishi nalo. Damu huganda, kidonda huziba, na hujifunza kutembea kwa miguu iliyobaki. Kwa kawaida haoti mguu mpya.

Mkwaruzo mdogo kwenye gamba. Nge mchanga anaweza kuuacha mkwaruzo huo pamoja na gamba kuukuu atakapojivua. Aliyekomaa hajivui tena, kwa hiyo ataishi na kovu.

Gando moja limevunjika. Atapata shida kukamata chakula, lakini ana gando jingine na mwiba. Anaweza kuishi.

Mwiba au ncha ya mkia imekatika. Atatembea na hata kula mawindo madogo, lakini kama tundu la haja limeziba, maisha yake yatakuwa mafupi. Pia hawezi kujitetea vizuri dhidi ya bundi, nguchiro na nyani, ambao humla.

Tumbo limepondwa. Sehemu pana ya mwili ndiyo yenye moyo, mapafu na sehemu kubwa ya utumbo. Ikipondwa na matumbo kuonekana, nge huyo hatapona.

Amepuliziwa dawa ya kuua wadudu. Atatetemeka, atazunguka ovyo na kupinduka chali. Hakuna dawa ya kumsafishia sumu hiyo nyumbani. Usimtupie kuku, kwa sababu kuku atakula na ile dawa.

Katika hali hizi mbili za mwisho, kumweka kwenye chupa ili “tuone kama atapona” ni kurefusha mateso. Mtu mzima aliyevaa viatu vilivyofunika mguu ammalize kwa pigo moja zito la jiwe, kisha amfukie kwa jembe. Asimshike hata akiwa amekufa, kwa maana mwiba wa nge aliyekufa bado unaweza kuchoma na kuingiza sumu.

4. Hatua za kumhamisha nge aliyeumia

Kazi hii ni ya mtu mzima. Kazi ya mtoto ni kumwita mtu mzima na kukaa mbali.

Unahitaji vitu hivi: chupa au mkebe mpana unaopitisha mwanga, wenye kuta laini na kina cha kutosha, kipande cha kadibodi ngumu, kijiti kirefu kisichopungua sentimita 30, na tochi kama ni usiku. Nge hawezi kupanda kioo au plastiki laini, kwa hiyo kina cha chombo ndicho ulinzi wako.

(i) Vaa viatu vilivyofunika mguu. Ondoa watoto, kuku na paka. Tazama pembeni, pengine kuna nge mwingine chini ya jiwe hilohilo.

(ii) Kama amesimama kwa miguu yake, mfunike kwa chupa kutoka juu. Pitisha kadibodi polepole chini ya mdomo wa chupa, kisha igeuze yote pamoja huku ukiibana kadibodi.

(iii) Kama hawezi kutembea, laza chupa mbele yake na umsukume aingie kwa kutumia kijiti. Kama amelala chali, mgeuze kwa kijiti hichohicho. Mkono wako ubaki nyuma ya kijiti wakati wote.

(iv) Usiinamishe uso karibu naye. Kusini mwa Afrika wako nge wa jenasi ya Parabuthus wanaoweza kurusha sumu hewani, na sumu ikiingia jichoni huwasha vibaya.

(v) Kama ni jioni na kuna mahali salama karibu, mpeleke moja kwa moja. Mahali pazuri ni chini ya mawe au gogo, karibu na alipopatikana, mbali na nyumba, choo, kisima na njia ya watoto. Laza chupa chini, fungua, rudi nyuma na umwache atoke mwenyewe.

(vi) Kama ni mchana na jua ni kali, unaweza kumweka hadi jioni. Weka ndani ya chupa mchanga kidogo, kigae cha kujifichia, na kipande kidogo cha pamba kilicholoweshwa maji. Nge hunywa matone, na aliyepoteza damu anahitaji maji kuliko chakula. Toboa kifuniko matundu madogo kabla ya kumwingiza nge, si baada ya hapo.

(vii) Andika juu ya chupa kwa herufi kubwa: NGE, USIFUNGUE. Iweke kivulini, juu ya watoto wasipofika, wala si chumbani. Chupa iliyoachwa juani huwa tanuri, na nge atakufa ndani ya muda mfupi.

(viii) Magharibi ikiingia, mwachilie. Usimlaze chumbani kwa siku ya pili kwa kisingizio kwamba unamuuguza.

5. Mambo yasiyofaa kufanywa

Usimfunge bandeji, usimpake mafuta, dettol wala dawa za asili. Wako watu katika nchi nyingine wanaofuga nge na buibui wakubwa, nao hunyunyiza unga wa wanga juu ya kidonda ili damu igande. Lakini hao wana vifaa, uzoefu na mnyama wanayemjua. Kwetu sisi, kunyunyiza unga kunamaanisha kuusogeza mkono karibu na mwiba, na faida yake ni ndogo kuliko hatari hiyo.

Usimlishe. Nge aliyeumia hahitaji kula kwa siku hizo, na panzi mzima aliyewekwa naye anaweza kumng’ata pale penye kidonda.

Usimshike mkia kwa vidole, hata kama umeona mtu akifanya hivyo kwenye video. Glavu za mpira au za kitambaa si kinga ya kutosha.

Usijaribu kupima ukali wa sumu kwa ukubwa wa nge. Ziko aina kubwa zenye magando mapana ambazo hutegemea nguvu za magando, na sumu yake huwa hafifu. Na ziko aina ndogo zenye magando membamba na mkia mnene ambazo sumu yake ni kali zaidi. Huo ni mwongozo wa jumla tu, na haukupi ruhusa ya kumshika yeyote.

Usimzungushie moto. Wazee wengi wametusimulia kwamba nge akizungukwa na moto hujidunga mwenyewe ili afe. Ukweli ni kwamba sumu ya nge haimdhuru sana yeye mwenyewe. Anachokionyesha ni mwili unaojikunja kwa joto. Anakufa kwa kuungua.

6. Akikuuma: huduma ya kwanza

Hata aliye mwangalifu anaweza kuumwa. Fanya hivi mara moja:

• Ondoka alipo nge na utulie. Kukimbia na kupiga mayowe huongeza mapigo ya moyo.
• Osha mahali palipoumwa kwa maji na sabuni.
• Vua pete, bangili au saa kabla mkono haujavimba.
• Weka kitambaa kilicholoweshwa maji baridi, au barafu iliyofungwa kwa kitambaa, kwa dakika 10, kisha pumzika na urudie.
• Meza dawa ya maumivu kama paracetamol kwa kipimo kinacholingana na umri na uzito.
• Nenda kituo cha afya kilicho karibu. Mtoto mdogo, mama mjamzito, mzee na mgonjwa wa moyo wasisubiri hata kidogo.

Dalili za hatari ni kutokwa na mate au jasho jingi, kutapika, misuli kurukaruka, macho kuzunguka bila mpangilio, ulimi kuwa mzito, na kupumua kwa shida. Ukiona hata moja, hiyo ni dharura. Kwa mtoto, sumu ileile huenea katika mwili mdogo, kwa hiyo dalili huja haraka na huwa kali zaidi. Mtoto anayelia ghafla usiku bila sababu na kushika mguu mmoja akaguliwe, pamoja na matandiko yake.

Usichanje kwa wembe. Usinyonye sumu kwa mdomo. Usifunge kamba juu ya kidonda. Usipake mafuta ya taa, na usipoteze muda kutafuta jiwe la nyoka. Wala usidai kudungwa dawa ya kuzima sumu ya nyoka, kwa sababu haizimi sumu ya nge. Mhudumu wa afya atatibu maumivu, atachunguza kupumua na mapigo ya moyo, na ataamua kama unahitaji chanjo ya pepopunda au kupelekwa hospitali kubwa.

Huna haja ya kumbeba nge hadi hospitalini. Ukiweza kumpiga picha kwa simu bila kumsogelea, inatosha.

7. Sheria inasema nini

Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 haiwalindi ndovu na simba peke yao. Viumbe wadogo wa porini nao wamo. Mwezi Mei 2025, mahakama jijini Nairobi iliwatoza watu 4 faini ya shilingi milioni 1 kila mmoja kwa kosa la kupatikana na maelfu ya chungu waliokusudiwa kuuzwa nje ya nchi. Kesi hiyo iliwashangaza Wakenya wengi, lakini ujumbe wake uko wazi: kiumbe wa porini si mali ya aliyemwokota.

Kumwondoa nge nyumbani kwako na kumwachilia karibu ni jambo moja. Kumfuga, kumuuza au kumpa mgeni aondoke naye ni jambo jingine, na linahitaji kibali. Ukiona mtu anayezunguka kijijini akinunua nge, mijusi au wadudu, mwarifu chifu au ofisi ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) iliyo karibu.

8. Kwa nini tujisumbue?

Msomaji anaweza kuuliza, kwa haki kabisa, kwa nini tutumie kurasa za jarida hili kumtetea mnyama anayewaumiza watoto wetu. Jibu la kwanza ni la afya. Anayejua kumhamisha nge kwa chupa na kadibodi hukaa mbali na mwiba kuliko anayemfukuza gizani kwa kandambili akiwa miguu mitupu.

Jibu la pili ni la shamba na nyumba. Nge hula mende, panzi, buibui na wadudu wengine, naye huliwa na ndege na wanyama. Ni kiumbe anayeishi miaka mingi na kuzaa taratibu ikilinganishwa na wadudu, kwa hiyo akimalizwa mahali, nafasi yake haijazwi haraka.

Jibu la tatu ni la malezi. Mtoto anayetaka kumsaidia hata nge ana moyo ambao jamii inauhitaji. Tukimkaripia, tutauua moyo huo. Tukimwachia aende peke yake, ataumia. Tunachopaswa kumfunza ni kwamba huruma ina utaratibu: tazama kwanza, ita mtu mzima, usiguse, mwondoe penye hatari, mwachilie.

Na njia bora ya kupunguza nge waliojeruhiwa ni kupunguza nge nyumbani. Panga kuni na mawe mbali na ukuta. Ziba nyufa za kuta na chini ya milango. Vuta kitanda kisiguse ukuta na uchomeke chandarua vizuri. Kung’uta viatu na nguo asubuhi. Funika ndoo na mitungi. Unapofungua rundo la matofali, tumia jembe au koleo badala ya vidole, na uanze juu kwenda chini.

9. Zoezi kwa klabu za mazingira na mikutano ya wazazi

Jadilini hali hizi katika vikundi vya watu 5. Someni majibu baada ya kujadili.

Hali ya 1: Umeinua gogo ukamkuta nge mweupe, laini, asiyesogea, na kando yake ganda tupu. Utafanya nini?

Hali ya 2: Saa 6 mchana, jembe limemkata nge miguu 2. Anatembea kwa shida kwenye jua kali, na kuku wanakaribia.

Hali ya 3: Dada yako amepulizia dawa jikoni. Nge yuko chali, anatetemeka. Mdogo wako anataka kumwogesha kwa maji.

Hali ya 4: Rafiki amemwokota nge kwa mkono, ameumwa kidoleni, na jirani ameleta wembe na kamba.

Majibu kwa kifupi:

Hali ya 1: Anajivua gamba, hajaumia. Rudisha gogo taratibu bila kumponda, au mfunike kwa kigae.

Hali ya 2: Anaweza kupona. Fukuza kuku, mita mtu mzima amwingize kwenye chupa kwa kijiti, mpeni mchanga, kigae na pamba yenye maji kivulini, kisha mwachilieni magharibi.

Hali ya 3: Hataokoka. Mzuie mdogo wako asimkaribie, mtu mzima ammalize na kumfukia, na kuku wasipewe.

Hali ya 4: Kataeni wembe na kamba. Osheni kidole kwa sabuni, mvueni pete, wekeni kitambaa baridi, na mpelekeni kituo cha afya. Nge aachwe, ashughulikiwe baadaye.

Mwalimu au mzazi anaweza kumalizia kwa onyesho la vitendo. Tumieni kipande cha mti au mpira mdogo badala ya nge, chupa, kadibodi na kijiti, na kila mzazi au mwalimu afanye zoezi la kumfunika na kumgeuza mara 3 huku watoto wakitazama kutoka mbali. Mkono ukizoea kukaa nyuma ya kijiti mchana, hautasahau usiku.